Ukiambiwa "sentimita mbili tu", usikate tamaa

Wadogo zangu wengi hapa Uyole wakikaribia kujifungua huniuliza: dada, nitajuaje kama njia inafunguka? Naielewa hofu yao. Kwa mimba yangu ya kwanza nilifika wodini baada ya kuumwa uchungu usiku kucha, nesi akanipima mlango wa kizazi umefunguka upana gani na kusema, "Mama, sentimita mbili. Bado." Nililia sana.

Aliyenituliza ni mkunga mtu mzima wa zamu ya asubuhi. Alinieleza kuwa kabla ya uchungu mlango wa kizazi ni mgumu, una urefu wa kama sentimita 3 hadi 4, na umezibwa na ute mzito. Kazi yake ya kwanza ni kulainika, kufupika na kuwa mwembamba. Ilikuwa Julai, na baridi ya Mbeya mnaijua, basi akashika shingo ya sweta langu: "Kichwa hakipiti hapa mpaka shingo yote ijivute juu kwanza, ndipo tundu litanuke." Kumbe usiku ule mwili wangu ulikuwa kazini, ila sentimita hazikuweza kuonyesha kazi hiyo.

Kwa mimba ya kwanza mlango kwa kawaida hunywea kwanza, kisha hufunguka. Aliyekwisha kuzaa mambo hayo huenda pamoja, na anaweza kuwa na sentimita 1 au 2 hata kabla ya uchungu kuanza. Ndiyo maana usijilinganishe na wifi yako mwenye watoto wanne.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba uchungu kamili huhesabiwa kuanzia sentimita 5. Kabla ya hapo hakuna muda maalumu, na hata baadaye si lazima kila saa iongeze sentimita moja. Kuanzia 5, mzazi wa kwanza kwa kawaida hapitishi saa 12, na aliyekwisha kuzaa hapitishi saa 10. Mkunga hupima njia takribani kila baada ya saa 4, kwa sababu kuingiza vidole mara kwa mara huongeza hatari ya maambukizi. Asipokupima kila unapoita, hajakutupa. Mapigo ya moyo wa mtoto ndiyo anayotakiwa kuyasikiliza mara nyingi zaidi.

Katika kipindi hiki cha kusubiri ndipo dawa za kienyeji za kuongeza uchungu huletwa zimefichwa kwenye chupa ya chai. Tafadhali, kataeni. Zinaweza kuubana mfuko wa uzazi kwa nguvu huku mlango haujawa tayari. Mtoto akakosa hewa, mfuko ukapasuka. Mama mkwe wangu nilimwomba uji na anisugue kiuno, na vilinisaidia kweli. Kutembea na kulala ubavu navyo husaidia.

Ukikaribia sentimita 10, yaani mlango kufunguka wote, unaweza kusikia hamu ya kusukuma mapema. Mwambie mkunga akupime kwanza. Mlango ukisukumwa haujafunguka wote unaweza kuvimba au kuchanika. Mimi nililala ubavu nikawa napumua kwa pumzi fupi fupi mpaka nikaruhusiwa. Ukishafunguka wote, mtoto wa kwanza anaweza kuchukua hadi saa 3 kutoka. Kondo la nyuma hufuata, mara nyingi ndani ya nusu saa, na mlango huanza kujirudi taratibu.

Mnaoishi mbali, milimani kule Ileje au Makete, msisubiri uchungu uanze wakati wa masika ndipo mtafute bodaboda. Hamieni kwa ndugu karibu na hospitali wiki kadhaa kabla. Na popote ulipo, ute wenye damu kidogo ni kawaida, lakini nenda mara moja, bila kuwaza sentimita, ukiona damu inatiririka, chupa imepasuka, maji yana rangi ya kijani, mtoto amepunguza kucheza, kichwa kinauma sana na macho yanaona ukungu, au uchungu umeanza kabla ya wiki 37.