Afishi za baba zinageuka njano, niplastifie?

SWALI: Yambo yaya. Baba alituachia rulo ya afishi za zamani, kuna za Air Zaïre na ile ya bokse ya Ali na Foreman kule Kinshasa. Zinakaa juu ya kabati hapa Katuba, pembeni zimegeuka njano na skoche imekauka juu yake. Bwana wangu anataka tuziplastifie, ni kusema tuzifunike plastiki kwa mashine, tutundike salon. Kisha ile ya bokse inasema 25 Septemba, na sisi wote tunajua walipigana 30 Oktoba 1974, ni feki?
Mama wa Katuba

JIBU: Mdogo wangu, usiplastifie, nakuomba sana! Ile mashine inayeyusha gundi kwa moto inaingia ndani ya karatasi, haitoki tena, na asidi ya karatasi inabaki humo humo inaendelea kuila. Njano inatoka kwa karatasi yenyewe, ni ya bei rahisi ya mbao, jua na joto vinaharakisha tu, sasa juu ya kabati chini ya mabati njo pahali pabaya kupita pote, mchana moto kisha mvua zikianza unyevu unapanda, ukipita asilimia 65 hivi kuvu inaanza kuota.

Skoche usiivute, itang'oka na karatasi. Fungua rulo polepole juu ya meza safi, si wakati wa kiangazi kikali maana karatasi kavu inapasuka, weka vitu vizito vilivyofungwa kitambaa cheupe kwenye pembe uache siku kadhaa. Kisha zilale bapa ndani ya kartoni kubwa, karatasi nyeupe isiyo na asidi kati ya kila moja, mbali na sakafu na mende. Plastiki laini yenye harufu, hapana.

Kwa salon, piga foto nzuri ya afishi, chapisha kopi, tundika kopi. Ukitaka orijino kabisa, kadre iwe na paspatu, ule ukingo wa kartoni kuzunguka afishi, ili karatasi isiguse kioo, ukuta usiopigwa jua, na baada ya miezi michache uitoe uweke ingine.

Ile tarehe haisemi ni feki. Mechi ilipangwa 25 Septemba kweli, Foreman akapasuka juu ya jicho kwenye mazoezi ikasogezwa, afishi zilikuwa zimeshachapwa. Ila nakala za baadaye ni nyingi, basi mtu anayejua aione kabla ya kuuza, na usikate pembeni hata kidogo ili iingie kwenye kadre.