Maswali yenu: Injini iliyolala kingama

Kaka, injini ya IST yangu imelala kingama, ya pikapu ya baba imekaa kwa urefu. Nani alianzisha hili?

Kampuni ya magari ya DKW ya Ujerumani ilikuwa nayo tangu 1931. Aliyeifanya dunia iige ni mhandisi Alec Issigonis, kwa Mini ya Uingereza ya mwaka 1959. Gari la mita 3 na kidogo, na watu wanne wanaenea! Giaboksi aliiweka chini ya injini.

Mbona langu lina oili ya injini na ya giaboksi mbalimbali?

Kwenye Mini zilikuwa moja, na meno ya gia huichosha oili haraka. Aliyezitenganisha vizuri ni Dante Giacosa, mhandisi wa Fiat, na huyu ninamheshimu kuliko wote. Aliitoa giaboksi chini akaiunga ubavuni mwa injini. Hapo likazaliwa tatizo jingine: shafti za magurudumu ya mbele hazikulingana, moja fupi, moja ndefu, na stelingi ingeweza kuvuta upande ukikanyaga mafuta. Fiat hawakukurupuka. Walianza na Autobianchi Primula mwaka 1964, gari la kampuni ndogo waliyokuwa na hisa ndani yake, wakarekebisha kasoro zikiwa barabarani. Mwaka 1969 ndipo wakatoa Fiat 128, injini ya cc 1,116. Tazama hata feni: injini ikilala kingama, mkanda wake hauwezi kuzungusha feni inayoelekea mbele, kwa hiyo wakaweka ya umeme. Fungua boneti yako leo, utaikuta pale pale kwenye rejeta. Mpangilio wa IST yako ni wa Giacosa.

Na Volkswagen Golf?

Imefuata njia hiyo hiyo. Kabla yake Porsche walikuwa wakiwaandalia Volkswagen gari lenye injini chini ya kiti cha nyuma. Mradi ukafutwa 1971. Golf ikatoka 1974, umbo likiwa la Giorgetto Giugiaro wa Italia. Kwa kampuni iliyoishi kwa Beetle, injini nyuma na kupozwa kwa upepo, hayo yalikuwa mageuzi makubwa.

Fundi wangu ananitoza zaidi kubadilisha klachi, anasema injini ya kingama inamsumbua. Ananidanganya?

Hapana. Nafasi waliyopewa abiria ilitolewa chini ya boneti. Lazima achomoe shafti, ashushe giaboksi, na mkono haupiti kirahisi. Mlipe.