1 Muharram mwaka wa 1: ni 15, 16 au 19 Julai 622?

Swali: Naandika programu ndogo ya kubadili tarehe za Hijria. Nikiweka 1 Muharram mwaka wa 1, tovuti moja inanipa 16 Julai 622, nyingine 19 Julai, na kitabu nilichonacho kinasema 15. Nifuate ipi?

Jibu: Ndugu yangu, programu yako haina shida, na hizo tovuti hazijakosea. 16 Julai ni kwa kalenda ya Julian, ile waliyokuwa wanatumia Warumi enzi hizo. 19 Julai ni siku hiyohiyo ila imehesabiwa kwa kalenda yetu ya leo ya Gregory ambayo imeanza 1582, yaani wameirudisha nyuma miaka zaidi ya 900 kabla haijakuwepo, na kwa mwaka 622 zinapishana siku 3 (leo zimefika 13). Cheki siku ya wiki utaona zote zinaangukia Ijumaa, maana hata 1582 walipofuta siku 10, Alhamisi tarehe 4 Oktoba ilifuatiwa na Ijumaa tarehe 15, wiki haikuguswa.

Hiyo 15 ni hesabu ya watu wa falaki, wao wanaanzia Alhamisi, siku moja nyuma. Chagua moja ubaki nayo, mimi natumia Ijumaa.

Ila naomba sana usije ukaandika kwamba hiyo ndo siku ya Hijra (Mtume kuhamia Madina), nimeliona hilo kosa mara nyingi mno. Mtume (s.a.w.) alifika Madina Rabiul Awwal, mfunguo sita kwa hesabu yetu ya pwani, sawa na Septemba 622. Khalifa Umar alipoweka kalenda miaka kama 17 baadaye, akaanzia kwenye Muharram ya mwaka uleule, mfunguo nne.

Na kupata mwaka wa Hijria usitoe tu 622. 2024 toa 622 ni 1402, wakati Julai 2024 tumeingia 1446, kwa sababu mwaka wa mwezi ni siku 354 au 355 na kila miaka 32 ya jua unabeba 33 ya mwezi.

Halafu hata hiyo "622" watu wa enzi hizo wenyewe hawakuwa wanaijua, kila mmoja alikuwa na hesabu yake. Ijumaa ile karani wa Constantinople alikuwa kwenye indiktio ya 10 (mwaka wa 10 katika mzunguko wa Warumi wa miaka 15), Mkopti wa Misri yuko mwaka 338 wa Diocletian (kuanzia utawala wa kaisari huyo wa Roma), China ni mwaka wa 5 wa Wude (jina la kipindi cha utawala wa mfalme wao). Kwahiyo kwenye programu weka sehemu ya jina la kalenda pembeni ya kila tarehe, na usiruhusu iachwe wazi.