Anaposoma Badala ya Kuimba: Majibu kwa Barua za Wasomaji

Katika toleo lililopita niligusia kwa ufupi wanamuziki wanaopanda jukwaani na karatasi mkononi, wakawasomea mashabiki mashairi yao na kupenyeza katikati nyimbo mpya ambazo bado hazijarekodiwa. Barua zilizofuata zilikuwa nyingi kuliko nilivyotarajia, na baadhi ziliandikwa kwa uchungu. Nimechagua tano. Nimeondoa majina ya wanamuziki waliolalamikiwa, kwa kuwa maswali yenyewe yanawahusu wengi.

*Ndugu Mhariri, nilikwenda kumsikiliza mwanamuziki ambaye nimemfuatilia tangu ujana wangu. Kwa sehemu kubwa ya usiku alisoma tu, mpiga gitaa mmoja akimfuatia kwa mbali, na nyimbo alizoimba hazikuzidi nne, tatu kati ya hizo zikiwa mpya kabisa. Wenzangu walitoka wakisema tumepunjwa. Mimi nilishindwa kuwaunga mkono na nilishindwa pia kuwapinga, kwa sababu kuna jambo lilinigusa ambalo siwezi kulieleza. Je, tulipunjwa?*

Ndugu msomaji, kama tangazo lilisema litakuwa onyesho la muziki bila kutaja usomaji, wenzako wana haki ya kulalamika, na malalamiko hayo wayapeleke kwa waandaaji. Ikiwa tangazo lilitaja mashairi, hamkupunjwa, bali mlipewa kitu tofauti na mlichokuwa mmezoea.

Nitakueleza kwa nini nasema hivyo. Wengi wetu tunaamini kwamba wimbo ndio kazi kamili na kwamba shairi linalosomwa ni wimbo uliokosa muziki. Historia ya wanamuziki wa namna hii haikubaliani na imani hiyo. Tarehe 10 Februari 1971, katika kanisa la St. Mark's jijini New York, Patti Smith, mshairi wa Marekani aliyekuja kuwa mwanamuziki wa roki, alisoma mashairi yake mbele ya hadhara wakati hakuwa ametoa wimbo wowote, na Lenny Kaye akampigia gitaa la umeme katika baadhi ya mashairi hayo. Shairi moja lilihusu ajali ya gari, na gitaa likatumika kuiga mgongano wenyewe. Hapakuwa na mpiga ngoma wala mpiga besi, na hakuna aliyekuwepo aliyejua kwamba anashuhudia mwanzo wa bendi. Miaka minne baadaye, mwaka 1975, ilitoka albamu yake ya kwanza, Horses, na maneno ya kwanza kabisa yanayosikika humo yanatoka katika shairi alilokuwa ameliandika miaka kadhaa kabla. Kwa mtu kama huyo, usomaji ndio shina, nazo nyimbo ni matawi yaliyochipuka kutoka humo. Anaporudi kusoma haachi kazi yake, anairudia pale ilipoanzia.

Jambo lililokugusa nadhani naweza kulikisia, ingawa wewe ndiye unayelijua. Katika wimbo, ala hubeba sehemu ya mzigo wa hisia, na pale mwimbaji anapovuta pumzi, ngoma huendelea na msikilizaji haoni pengo. Anaposoma, pumzi yake inasikika, na kimya kinachoifuata kinasikika pia. Sauti uliyoizoea kwa miaka mingi ikiwa imevikwa muziki unaisikia kwa mara ya kwanza ikiwa peke yake. Ukipata nafasi nyingine kama hiyo, usingoje wimbo ufike. Fuatilia mahali anapokata mstari na mahali anapoharakisha, utagundua kwamba ni maeneo yale yale ambayo katika nyimbo zake za zamani ulikuwa ukisisimka bila kujua sababu.

*Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mtunzi wa mashairi ya mapokeo. Kijana wangu ananisikilizisha rekodi za wanamuziki wanaosoma maandishi yasiyo na vina wala mizani na kuniambia kuwa huo ni ushairi. Kwangu mimi, jambo lisiloimbika si shairi. Je, nimepitwa na wakati?*

Hujapitwa na wakati, mzee wangu, na shikamoo. Sharti unalolishikilia ni la wakubwa wa fani hii: Kaluta Amri Abedi, katika kitabu chake cha sheria za utunzi cha mwaka 1954, alisisitiza kwamba shairi sharti liimbike, na watunzi wengi waliofuata walilipokea sharti hilo kama nguzo. Mabishano ya miaka ya 1970 kati ya wanamapokeo, walioshikilia vina na mizani, na wanamabadiliko, waliotunga bila hivyo, yalisimama juu ya nguzo hiyo hiyo, na sikusudii kuyafufua hapa. Nataka tu nikuombe ulitazame neno ambalo lugha yetu inalo na ambalo katika mabishano yale halikupewa nafasi linayostahili.

Sisi tuna kusoma, tuna kuimba, na kati ya hivyo viwili tuna kughani. Anayeghani haimbi kwa maana ya kufuata lahani iliyopangwa, wala hasomi kama anayesoma barua ya ofisini. Anaivuta sauti, anaipandisha na kuishusha, anatua mwisho wa ukwapi, yaani nusu ya kwanza ya mshororo, na kutua zaidi mwisho wa utao, nusu ya pili, na msikilizaji anajua mahali mzigo wa maana ulipo kwa kuisikia sauti yenyewe. Wewe uliyezoea mishororo ya mizani kumi na sita, nane kwa nane, unajua kwamba mizani ile haikuwekwa ili ihesabiwe kwa vidole. Iliwekwa kwa ajili ya pumzi ya mghani na sikio la msikilizaji.

Sasa msikilize mshairi Linton Kwesi Johnson, aliyezaliwa Jamaika mwaka 1952 na kuhamia Uingereza akiwa mtoto. Mashairi yake ameyarekodi pamoja na bendi ya rege, lakini pia huyasoma peke yake bila ala yoyote, na anayemsikiliza katika hali hiyo ya pili bado husikia besi, kwa kuwa mdundo umo ndani ya maneno. Mpangilio wa silabi zake ndio unaokulazimisha kutikisa kichwa. Mwaka 2002 kampuni ya Penguin ilimweka katika mfululizo wake wa vitabu vya fasihi bora ya kisasa, mshairi wa pili tu kuwekwa humo akiwa hai na wa kwanza mweusi, kwa hiyo hata wanaojali ukurasa kuliko sauti walikiri kwamba anachofanya ni ushairi. Hana mizani yako, lakini kipimo anacho, na kipimo hicho anakitii kwa ukali ambao mtunzi wa tarbia, shairi la mishororo minne kila ubeti, angeutambua mara moja.

Kwa hiyo ningemshauri kijana wako asikwambie tena kwamba vina na mizani vimekufa, kwa sababu si kweli. Nawe, kabla hujaikataa rekodi, isikilize ukiwa umefumba macho, ukijiuliza swali moja: je, huyu anaghani, au anasoma tu? Wapo wanaosoma tu, tena wengi, na hao ukiwakataa nitakuwa upande wako.

*Je, ni aibu kwa mwanamuziki kusoma kutoka kwenye karatasi na bado kukosea? Nilimwona mmoja akisimama katikati, akaomba radhi na kuanza upya. Watu walimpigia makofi, nami sikuelewa walichokuwa wakikishangilia.*

Karatasi si aibu. Msomaji wa mashairi hutumia karatasi kama mpiga kinanda anavyotumia nota, na wengine huishika hata kama shairi lote wanalijua kwa moyo, kwa kuwa inawazuia kukimbia.

Kuhusu kukosea, nakukumbusha tukio lililoonekana duniani kote. Tarehe 10 Desemba 2016, katika sherehe ya Tuzo za Nobeli mjini Stockholm, Patti Smith aliimba wimbo wa Bob Dylan, aliyetunukiwa tuzo ya fasihi lakini hakuhudhuria. Ulikuwa wimbo mrefu wenye picha nyingi zinazofuatana, orkestra ikiwa nyuma yake na familia ya kifalme ya Sweden ikiwa mbele yake. Katikati ya ubeti mmoja maneno yalimpotea. Alisimama, akaomba radhi, akasema amepatwa na wasiwasi, akaomba kuanza tena mahali pale, na ukumbi ukampigia makofi. Nimeitazama rekodi hiyo mara kadhaa. Kinachonigusa ni kwamba baada ya kurudia aliimba kwa nguvu zaidi kuliko mwanzo, kwa sababu alikuwa ameacha kujificha. Watu uliowaona wakipiga makofi nadhani walikuwa wakishangilia jambo kama hilo.

*Mhariri, tupige makofi baada ya kila shairi, au tungoje mwisho?*

Ngojeni hadi msomaji ainue macho. Asipoinua na akafungua ukurasa unaofuata, ameyaunganisha mashairi hayo makusudi, na makofi yenu yatayakata. Simu zizimwe kabisa, kwa kuwa mlio ambao ngoma ingeuficha katika onyesho la muziki, hapa utasikika hadi kiti cha mwisho.

*Ndugu Mhariri, kundi letu la mashabiki limegawanyika. Mwanamuziki tunayempenda alisoma shairi usiku wa kwanza, na usiku wa pili akaliimba kama wimbo mpya, mishororo mingine ikiwa imeondolewa na mahali pengine pakiwa na kiitikio kisichokuwepo. Baadhi yetu tunasema shairi lilikuwa bora na wimbo umeliharibu. Wengine wanasema shairi lilikuwa rasimu tu. Kuna mwenzetu ameurekodi wimbo huo kwa simu na anataka kuusambaza ili watu waamue. Lipi ndilo toleo sahihi?*

Hili ndilo swali nililolifurahia kuliko yote, na sina jibu la neno moja.

Tuanze na wimbo kuzaliwa kutoka kwa shairi. Leonard Cohen, mshairi na mwimbaji wa Kanada, alikuwa ameshachapisha vitabu vya mashairi tangu mwaka 1956, na albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1967, alipokuwa na umri wa miaka 33. Mojawapo ya nyimbo zake zinazojulikana sana, Suzanne, ilichapishwa kama shairi mwaka 1966 kabla ya yeye mwenyewe kuirekodi. Hapo wanaosema kwamba shairi hutangulia na wimbo hukamilisha wanapata nguvu. Lakini mwanamuziki huyo huyo alitoa mwaka 2001 wimbo uitwao A Thousand Kisses Deep, na katika ziara aliyoianza mwaka 2008 akawa hauimbi tena. Aliughani polepole, kinanda kikimfuata kwa sauti ya chini, na beti alizosema hazikuwa zile tu zilizokuwemo katika albamu. Alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 70, na wimbo wake ulikuwa umerudi kuwa shairi. Ukiuliza kati ya hayo mawili rasimu ni ipi, utaona kwamba swali halishiki.

Hata shairi lisipogeuzwa wimbo, halibaki lile lile. Patti Smith aliandika kitabu cha kumkumbuka rafiki yake, mpiga picha Robert Mapplethorpe, aliyefariki mwaka 1989. Aliyasoma maandishi hayo jijini London, usiku mmoja mwaka 2005 na usiku mwingine mwaka 2006, Kevin Shields akipiga gitaa mara zote mbili, na mwaka 2008 rekodi za usiku wote wawili zikatolewa pamoja katika albamu moja, The Coral Sea. Wangeweza kuchagua ule uliowapendeza zaidi, lakini hawakuchagua. Maneno ni ya kitabu kimoja, ila ukiyasikiliza mfululizo utaona kwamba huzuni haikai mahali pamoja: neno lililopita kwa haraka usiku mmoja, usiku mwingine linamsimamisha msomaji, na gitaa linangoja pamoja naye.

Kwa hiyo nawaomba mlitazame kundi lenu upya. Waliopenda usiku wa kwanza walipenda kitu halisi, na hakijaharibiwa na usiku wa pili, kwa sababu hakimo ndani ya usiku wa pili. Waliopenda wimbo nao hawana haja ya kuliita shairi rasimu ili kuutetea. Mkitaka kuupima wimbo mpya kwa haki, jiulizeni kiitikio kilichoongezwa kinafanya kazi gani. Kiitikio kikirudi kila mara na maana ile ile, kama kigingi cha kufungia mbuzi, basi huenda kweli shairi limepoteza kitu, maana katika shairi mawazo yalikuwa yakisonga mbele na sasa yanarudishwa nyuma kila baada ya ubeti. Kikirudi na kila mara kikawa na uzito mpya kwa sababu ya ubeti uliokitangulia, kinafanya kazi ya kibwagizo cha kweli, na mtunzi amefaidika kwa kuliimba shairi lake. Hukumu hiyo haipatikani kwa kusikiliza mara moja. Mimi binafsi hujipa angalau mara tatu, na mara ya tatu hufuatilia maneno peke yake.

Kuhusu rekodi ya simu, mwambieni mwenzenu abaki nayo, asiisambaze. Mwanamuziki anayewasomea shairi leo na kuliimba kesho bado anajaribu, na anajaribu mbele yenu kwa kuwa amewaamini. Wimbo huo ukisambazwa kabla hajaurekodi, watakaousikia kwanza watausikia kupitia kipaza sauti cha simu, pamoja na kikohozi cha jirani, na hawatajua kwamba kulikuwa na usiku uliotangulia. Baya zaidi, yeye mwenyewe anaweza kuamua kwamba safari nyingine hatasoma chochote kisichokamilika. Isikilizeni ninyi wenyewe mkiwa pamoja, bishaneni, na kila mmoja aandike mishororo anayoikumbuka kutoka usiku wa kwanza. Albamu ikitoka, nileteeni orodha hiyo, maana ningependa sana kujua ni mishororo ipi iliyobaki vichwani mwenu bila kusaidiwa na muziki.