Mawimbi na tanga katika likizo moja: chagua upepo kabla ya kuchagua hoteli

Wanaoniomba ushauri kuhusu likizo ya kujifunza kuteleza mawimbini na kuendesha ubao wa tanga kwenye nchi za joto huanza na hoteli. Mimi huwarudisha nyuma kidogo: mwezi huo upepo wa huko unavuma kutoka wapi, na chini ya maji kuna mchanga au matumbawe? Ukishapata majibu hayo mawili, hoteli itajichagua yenyewe.

Michezo hii hutangazwa pamoja kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja, lakini mahitaji yake yanapingana. Anayejifunza mawimbi anataka bahari ambayo upepo haujaivuruga. Wimbi zuri huzaliwa na dhoruba iliyo mbali sana, husafiri maelfu ya kilomita na kufika ufukweni likiwa limejipanga. Upepo ukivuma kutoka baharini kwa nguvu, uso wa maji huchafuka, na mwanafunzi hawezi kutofautisha wimbi la kupanda na la kuacha. Upepo mwepesi wa kutoka nchi kavu ndio huyasimamisha mawimbi vizuri. Sasa mweke anayejifunza tanga kwenye upepo huohuo wa nchi kavu: kila akianguka anasogezwa mbali zaidi na ufuko, na kwa kuwa hajui bado kubisha, yaani kupanda kuelekea upepo unakotoka kwa kwenda mshazari, hana namna ya kurudi. Yeye anahitaji upepo wa ubavuni, unaokwenda sambamba na ufuko au kuelekea pwani kidogo, na maji yaliyotulia kama ya bwawa.

Kwa hiyo sehemu inayofaa michezo yote miwili ni ile yenye fuko mbili za tabia tofauti zisizo mbali, au yenye mwamba wa nje unaovunja mawimbi na wangwa tulivu kwa ndani. Kama huipati, chagua mchezo mmoja uwe mkuu na mwingine uwe wa siku za ziada. Nimewaona watu wakijaribu kugawa juma moja nusu kwa nusu wakatoka bila kushika chochote, na nadhani ni hasara kubwa kwa mtu aliyesafiri mbali.

Saa za siku nazo zinasaidia. Asubuhi bahari ya tropiki mara nyingi imelala. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa ya juu yake hupaa, na hewa ya baharini huingia kujaza nafasi. Ndiyo maana upepo huamka kuelekea adhuhuri na kukolea alasiri. Mpango wa kawaida ni mawimbi alfajiri na tanga baadaye. Lakini katika msimu wa upepo mkali mimi hugeuza: saa za asubuhi, upepo ukiwa noti 8 hadi 12, yaani kilomita 15 hadi 22 hivi kwa saa, ndizo saa za mwanafunzi wa tanga. Ukifika noti 18 waliobobea wanafurahi, na wewe unapigana na tanga badala ya kujifunza.

Misimu iangaliwe kwa makini. Magharibi mwa Bahari ya Hindi kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, na kusi hutawala katikati ya mwaka, lenye nguvu zaidi. Kati yake kuna wiki za upepo usiotabirika. Karibea inategemea pepo za biashara za kutoka mashariki, na msimu wa vimbunga vya Atlantiki ni kuanzia Juni hadi Novemba. Kisiwa cha Bonaire kiko kusini ya njia kuu ya vimbunga hivyo, na ghuba yake ya Lac ina maji ya kiunoni, mchanga mweupe na upepo wa kuaminika. Ndipo walipokulia waendesha tanga mashuhuri kama Kiri Thode na ndugu Taty na Tonky Frans. Kwa tanga peke yake sijui shule bora kuliko ghuba ya namna hiyo, ambamo ukianguka unasimama.

Kwa mawimbi, Weligama kusini mwa Sri Lanka ina ghuba pana ya mchanga inayofaa wanaoanza kati ya Novemba na Aprili. Kuta, Bali, nayo ina mchanga, na miezi ya kiangazi huleta upepo wa nchi kavu. Waikiki, Hawaii, nyumbani kwa Duke Kahanamoku, aliyeueneza mchezo huu duniani, mawimbi ni marefu na ya polepole, ila chini kuna miamba, kwa hiyo nenda na mwalimu. Le Morne, Mauritius, inafundisha umuhimu wa kuuliza kabla ya kuingia majini: ndani ya mwamba kuna maji matulivu, na nje kuna wimbi liitwalo One Eye ambalo ni la mabingwa. Picha za mtandaoni haziwezi kukuonyesha umbali kati ya pande hizo mbili.

Suala la sakafu ya bahari nalirudia kwa sababu lina uzito. Wimbi huvunjika linapofika penye kina kinachozidi urefu wake kwa kiasi kidogo tu. Wimbi la mita moja, basi, linakuangusha penye maji ya mita moja na robo hivi. Juu ya mchanga unaoteremka taratibu, huko ni kuangukia mto wa kulalia. Juu ya matumbawe ni ngozi kuchanika, na jeraha la matumbawe katika hali ya joto na unyevu huchelewa kupona na huoza upesi lisiposafishwa vizuri siku hiyohiyo. Angalia pia jedwali la maji kupwa na kujaa. Wakati wa bamvua maji hupwa mno, na palipokuwa salama asubuhi panaweza kuwa miamba mitupu mchana. Maji mafu, kati ya bamvua moja na nyingine, hayabadiliki sana, na ningependa siku zako za kwanza ziangukie hapo. Viatu vya majini vaa kila siku.

Vifaa viwe vikubwa kuliko unavyodhani. Ubao wa mawimbi uwe wa sifongo, wa futi 8 au 9. Ubao wa tanga uwe mpana, wa lita 180 au zaidi kwa mtu mzima, na tanga dogo la mita za mraba 3 hadi 4 na nusu. Shule nyingine huwahimiza wageni kupunguza ubao siku ya tatu ili wajione wamepanda daraja. Kataa. Ubao mkubwa unakupa muda mrefu wa kusimama, na kule kusimama ndiko kunakoujenga mwili.

Kwenye tanga, mgongo uelekee upepo, miguu iwe kila upande wa kitako cha mlingoti, na kamba ya kuinulia uivute kwa kunyoosha magoti. Anayevuta kwa kiuno analala na maumivu. Likishatoka majini, acha tanga lipepee huku umeshika mlingoti, pumua, tazama unakotaka kwenda, ndipo ulishike na kulivuta taratibu. Ukilaza mlingoti kuelekea nyuma, ubao unageukia joshi, upande upepo unakotoka. Ukiulaza mbele, unageukia demani, upande upepo unakoelekea. Tumia somo zima kwenye hilo na kugeuza kurudi ulikotoka, hata kama wenzako wameshakimbilia mbali. Ukizidiwa na upepo, achia mkono wa nyuma na nguvu yote inaisha.

Kwenye mawimbi, siku ya kwanza baki kwenye povu, maji ya kiunoni, wimbi likiwa limeshavunjika. Viganja viwe karibu na mbavu, macho mbele. Anayetazama miguu yake huanguka alipotazama. Usiweke ubao kati yako na wimbi, kwa sababu utakupiga usoni au tumboni. Uwe ubavuni mwako. Ukianguka, anguka bapa, na ukiibuka funika kichwa kwa mikono maana ubao umefungwa kwenye mguu wako na unarudi. Utakapofika yanakovunjikia mawimbi, aliye karibu zaidi na kilele cha wimbi ndiye mwenye haki nalo. Heshima hiyo inazuia watu kuumizana.

Juu ya usalama sina la kulegeza. Usiuache ubao kamwe kwa nia ya kuogelea kufika ufukoni. Ubao unaelea na unaonekana kwa mbali, kichwa chako hakionekani. Ukishindwa kurudi, kaa juu yake, inua na ushushe mikono yote miwili polepole kutoka ubavuni. Ishara hiyo inaeleweka pande zote za dunia. Mkondo ukikuvuta kwenda nje, usishindane nao. Kata kwa upande, sambamba na ufuko, hadi uwe nje yake, ndipo ugeuke. Bendera ya nyekundu na njano ni eneo la waogeleaji wenye waokoaji, kwa hiyo kaa nje yake na ubao wako. Ya miraba nyeusi na nyeupe ndiyo ya mbao.

Jua la tropiki huunguza hata kukiwa na mawingu, na juu ya maji linakupata kutoka juu na kutoka chini. Fulana ya mikono mirefu ya kuogelea inalinda kuliko mafuta, pia inazuia mchubuko wa kifua. Mafuta yasiwe na oksibenzoni wala oktinoksati: Palau ilizuia kemikali hizo mwaka 2020, na Hawaii ikapiga marufuku kuziuza mwaka 2021, kwa ajili ya matumbawe. Viganja vitatoa malengelenge kufikia siku ya tatu, mbavu zitauma, mabega yatakuwa mazito. Weka siku ya mapumziko katikati ya juma na uiheshimu hata upepo ukiwa mtamu, kwa kuwa ajali nyingi nilizoziona ziliwapata waliokuwa hoi saa ya mwisho ya somo.

Kabla ya kulipa, waulize shule maswali machache. Boti ya uokoaji ipo majini wakati wa masomo, au imepaki tu? Mwalimu mmoja ana wanafunzi wangapi? Mimi sikubali zaidi ya wanne. Tanga dogo kabisa walilonalo ni la mita ngapi? Na upepo ukigeuka ukatoka nchi kavu, wanafanya nini? Jibu ninalolitaka kwa swali la mwisho ni kwamba wanafunga darasa na kupanga siku nyingine.