Jibu: Ngumi na MMA, nani anafaidika?
Ndugu, umeuliza iwapo mapambano kati ya mabondia na wapiganaji wa MMA (mchezo unaochanganya ngumi, mateke na mieleka) yanaijenga michezo hii au yanaibomoa. Tazama Riyadh, Oktoba 2023: Francis Ngannou, mpiganaji wa MMA ambaye hakuwa amewahi kupigana ngumi za kulipwa, alimwangusha bondia bingwa Tyson Fury katika raundi ya tatu, akaja kushindwa kwa pointi tu, tena majaji wakiwa wamegawanyika (bahati ya Fury, mkanda wake wa ubingwa wa dunia wa shirika la WBC haukuwekwa rehani). Ngumi ziliumia zaidi, kwani pambano la Fury na bondia mwenzake Oleksandr Usyk lililotarajiwa Desemba lilisogezwa, likafanyika Mei 2024. Wapiganaji wa MMA wamepata nguvu ya kudai malipo bora. Kiufundi sioni walichovuna, maana Machi 2024 bondia Anthony Joshua alimmaliza Ngannou huyohuyo katika raundi ya pili.