Wasomaji Wanauliza: Taa wawili wa tumbo moja, mbona bei mbingu na ardhi?

SWALI: Habari za kazi. Nataka kununua taa wa maji baridi, wale samaki bapa wenye mwiba mkiani, weusi wenye madoa meupe. Muuzaji anao wawili, mama mmoja baba mmoja, wamezaliwa siku moja, lakini mmoja anamuuza mara nne ya bei ya mwenzake, nikiuliza naambiwa tu "huyu ni daraja la juu". Hilo daraja nani kaliweka? Au ndo napigwa? – Msomaji wa siku nyingi

JIBU: Hupigwi, yaani sio lazima unapigwa, ila hilo daraja kaliweka yeye na wafugaji wenzake, hakuna ofisi inayolipitisha. Wanaangalia vitu ambavyo hata wewe unaweza kuviona ukiinama vizuri juu ya tangi: mwili uwe duara kamili bila kubonyea mbele wala kukunjika pembeni, weusi uwe weusi kweli sio ukahawia, madoa yawe mengi, meupe pee, kila moja limejitenga na mwenzake, na yakifika mpaka ukingoni kabisa mwa mwili hapo ndo bei inapaa. Sasa kwenye uzao mmoja wa watoto wachache, anaweza akatoka mmoja tu wa hivyo, au asitoke hata mmoja, na mfugaji kashakaa na mama yao miaka anamlisha, mimba yenyewe inachukua kama miezi mitatu, halafu hawa hawatagi mayai elfu kama samaki wengine, wanazaa watoto hai wa kuhesabika. Kwa hiyo yule mmoja mzuri anabeba gharama za ndugu zake waliouzwa bei ya kawaida. Ndo maana mara nne.

Ila hapa nakuonya kidogo. Madoa ya mtoto sio ya mtu mzima, akikua yanaweza kugawanyika, kuongezeka au kufifia, kwa hiyo ukimlipia mtoto wa wiki chache bei ya daraja la juu unanunua matumaini. Omba picha za wazazi. Asiyetaka kuonyesha wazazi mimi simpi hela ya daraja, nampa hela ya samaki basi.

Halafu kuna swala la majina. Hao unaowataka mara nyingi ni Potamotrygon leopoldi wa mto Xingu kule Brazili, au ndugu zao henlei wa mto Tocantins, au chotara wa hao wawili, na kwenye tangi wanazaana bila hiyana. Wafugaji wa Asia, hasa Taiwan na Thailand, wamewachanganya kwa miaka mingi wakitafuta madoa, kila ukoo ukapewa jina lake la kuvutia na kila jina linakuja na bei yake. Chotara sio mbaya, wengine ni wazuri kuliko waliotoka mtoni, lakini usilipie bei ya damu safi kwa samaki ambaye babu yake hajulikani.

SWALI: Kaka, eti bei inategemea samaki ni adimu kiasi gani mtoni? – Mama wa watatu

JIBU: Dada yangu, inategemea kidogo, lakini sio kama watu wanavyodhani. Taa aina ya motoro, yule wa kawaida, bei yake imeshuka kwa sababu anazaliana kwenye matangi kila kona, wakati aina ya tigrina wa Peru, yule mwenye mkia wa pingili nyeusi na nyeupe (kapewa jina la kisayansi 2011 tu), kumzalisha tangini ni shughuli, wengi bado wanatoka mtoni, basi bei yake haitaki kushuka. Kwa hiyo uliza kwanza anazaa tangini au hazai.

Kitu cha pili ni karatasi. Mwishoni mwa 2022 mkutano wa CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, uliofanyika Panama uliingiza aina 7 za taa wa mito ya Amerika Kusini kwenye Kiambatisho cha II, leopoldi, henlei na jabuti wakiwemo, maana yake hata aliyezaliwa tangini akivuka mpaka lazima awe na kibali, na kibali ni muda na hela. Aliyeshavuka kihalali akiwa na karatasi zake anauzwa ghali, na ana haki ya kuwa ghali. Asiye na karatasi akiwa rahisi sana, jiulize kafikaje hapo. Usafiri nao sio mchezo, ananyimwa chakula kwanza siku kadhaa ili asichafue maji njiani na amonia ikamuua, mwiba unafunikwa usitoboe mfuko, halafu ndege inapima boksi zima, yaani unalipia maji kuliko samaki.

Na kabla hujatoa hela mtazame pale mkia unapoungana na mwili. Ukiona mifupa miwili imetokeza, huyo hajala siku nyingi, hata akiwa na madoa ya dhahabu muache. Subiri umuone anakula mbele yako.

SWALI: Jike na dume nani ghali? – K.

JIBU: Jike, mara nyingi. Dume mmoja anawatosha majike kadhaa, kwa hiyo wafugaji wanatafuta majike zaidi, na jike aliyeshazaa bei yake ni ya kipekee kabisa. Dume anapanda bei akiwa na madoa ya ajabu au akiwa amebeba damu ya zeruzeru, maana huyo hata kama yeye mwenyewe ana rangi ya kawaida, akipewa jike aliyebeba damu hiyo hiyo, kwa wastani mtoto mmoja kati ya wanne anatoka mweupe. Kuwatofautisha ni rahisi tangu wanazaliwa, dume ana vidole viwili vidogo chini pembeni ya mkia, jike hana. Mwambie muuzaji amuache apande kwenye kioo umuone tumbo, wala usimshike.